Kwa Alionzi wa Mvara, Fundi wa Magitaa ya Jazi

Mwaka umetimia, Baba Jude, tangu asubuhi ile ulipoweka chini kipande chako cha chupa cha kukwangulia mbao ukasema unajinyoosha kidogo, nifunike chai isipoe. Nikaifunika. Hukuamka.

Mpaka leo nasonga ugali wa watu wawili. Mkono umezoea. Kinachobaki nakipeleka kwa kuku wa jirani, na jirani anadhani nimekuwa mkarimu uzeeni.

Watu wa Arua na Koboko wanakujua kwa magitaa. Gitaa la jazi la dukani, lile lenye tumbo tupu ndani na kifua kilichoinuka kama mgongo wa kobe, huku kwetu ni bei ya shamba. Wewe ulisema mpigaji hawezi kushinda njaa ili anunue sauti. Ukachonga ya kwako kwa mbao za milango mikuukuu, na mbao walizokuletea Wakongo, na bei yake kijana aliiweza. Asiyeiweza alikuja kutulimia muhogo.

Na ulipenda maneno. Unakumbuka siku niliyokutega barazani, mbele ya wateja?

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina madirisha mawili, na aliye ndani hanyamazi."

"Gitaa hilo! Tega kingine."

"Umekosa. Nipe mji."

Ukanipa Koboko. Nikasema Koboko nimekwenda, nimekula, nimeshiba, watu wa huko wanakusalimu. Jibu ni kichwa chako na miwani yako. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Siku hizi nasema "kitendawili" peke yangu jikoni, nikikoroga sufuria. Hakuna wa kusema "tega".

Kuna jambo wateja wako hawakulijua. Miaka yote uliyofanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, kabla ya magitaa, ilikula masikio yako. Ndiyo sababu uliuma kichwa cha gitaa kwa meno ukipiga, upate sauti kwa mfupa, na mjukuu wetu Ritah akakimbia akipiga kelele, "Babu anakula gitaa!" Ukishamaliza kuuma, uliniita. "Mama Jude, linasemaje?" Mimi ambaye sijawahi kubonyeza uzi nilikujibu kutoka jikoni: hili lina mafua, hili linasemea puani, hili tayari. Mpaka niseme tayari, gitaa halikutoka nyumbani.

Halafu akaja Zéphyrin, yule Mkongo anayepiga jazi Koboko, akaagiza la kwake. Wakati huo miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Ukamtania, "Hili likiisha, na mimi nimeisha." Zéphyrin alicheka. Mimi sikucheka.

Siku uliponiuliza linasemaje, lilikuwa tayari. Sijasikia zuri kama lile, Baba Jude. Nikakwambia, "Bado. Linakohoa."

Ukafungua nyuzi, ukachukua kipande cha chupa, ukakwangua kifua chake kidogo kidogo, unga wa mbao ukikudondokea magotini. Ukafunga nyuzi tena. Linasemaje? Bado. Miezi miwili nilisema bado. Kila nikisema, ulikwangua, na kila siku uliyokwangua ulikuwa umekaa pale barazani, hai, mbele ya macho yangu. Mara moja uliliuma kwa meno, ukatulia, ukanitazama kwa muda mrefu. Halafu ukachukua tena chupa.

Watoto watashangaa kusoma haya. Sikuwaambia.

Tulipokuzika, gitaa nililaza kitandani, upande wako. Zéphyrin amekuja mara tatu kutoka Koboko. Mara ya kwanza nilimwambia gundi haijakauka. Mara ya pili nikamwambia vilevile, naye akanitazama tu, maana ni gundi gani hiyo ya miezi saba? Juma lililopita nilimtolea.

Alilipiga kidogo, akainamisha sikio. "Mama, hii gitaa iko na sauti kidogo sana. Sawa na mutu anaogopa kuamusha mutoto."

Nikamwambia ukweli. Kwamba kifua kimebaki chembamba kama ganda, na aliyekikondesha ni mimi, si wewe. Kwamba alilipia gitaa la ukumbini, na mimi nimemharibia.

Alilipapasa kifua kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi bakia nayo, Mama. Ni ya muzee."

"Nibaki nalo nilifanyie nini? Mikono yangu inajua mwiko tu."

"Itakuwa inakaa na wewe."

"Linakaa, ndiyo. Lakini halisemi. Mwaka mzima tumelala chumba kimoja, halijasema hata neno. Lichukue, mwanangu. Kama sauti ni ndogo, watu wasogee karibu."

Akalifunga kwa blanketi lako, akapanda boda, nikamwomba dereva apite polepole penye mashimo. Nilirudi ndani nikatandika kitanda. Kimekuwa kipana mno.

Baba Jude, sijui kama nilikuongezea miezi miwili au nilikuchosha nayo. Sijui kama meno yalikwambia kwamba nadanganya. Nimeuliza mwaka mzima, na nyumba hii hainijibu. Kwa hiyo nauliza hapa gazetini, mbele ya watu wote.

Kama hukujua, nisamehe. Kama ulijua, ukakwangua tu, asante.

Unakumbukwa na mkeo Candiru. Wanao Jude na Daisy. Mkwe wako Estelle. Mjukuu wako Ritah, ambaye sasa ni mrefu kuliko mlango wa jiko. Ndugu yako Kenneth wa Inde. Na wapigaji wote wa Arua na Koboko waliopitia barazani petu. Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi hii, nyumbani Mvara, saa nne asubuhi.

Maadamu tunapumua, tutakukumbuka.