Matairi Uliyoyaacha Ukutani

Baba Kendi,

Nimeanguka na pikipiki. Usishtuke, huko uliko hakuna cha kukushtua tena. Goti limevimba na kiwiko kimechubuka, lakini mifupa yote iko mahali pake. Nimekaa kwenye lile benchi lako mbele ya duka, mguu nimeuweka juu ya kreti, nami nakuandikia kwa sababu nikiendelea kukuwaza bila kusema nitapasuka.

Kwanza nikupe habari za hapa Maua. Duka lipo. Jina lako bado liko mlangoni, ila rangi imebambuka. Wateja ndio wamepungua. Siku hizi kijana wa boda anachagua tairi kwa simu akiwa amelala kitandani, linaletwa kwa paseli mpaka steji ya matatu, halafu ananijia nalo begani: "Mama Kendi, nifungie tu." Nifungie tu! Kama vile nashona vifungo. Wewe ulikuwa ukisafiri mpaka Embu mwenyewe, unaingia stoo ya yule muuzaji, unabonyeza kila tairi kwa kidole gumba, unanusa mpira, unasoma zile tarakimu nne za ubavuni zinazosema lilitoka kiwandani lini. Ukirudi unajisifu: "Mke na tairi havichaguliwi kwa picha." Nami nakuuliza, na ile picha yangu shangazi yako aliyokuletea? Unacheka mpaka unakohoa.

Sasa sikia. Mwanao Mutwiri ndiye anabeba miraa siku hizi. Kabla hakujapambazuka anashuka ule mteremko wa mtoni na mzigo nyuma, mvua inyeshe isinyeshe, maana pikapu za Nairobi hazingoji mtu. Tairi lake la nyuma likaisha meno. Wiki hii akaniletea jipya, la mtandaoni, limeviringishwa kwa plastiki. Nilimkasirikia, nikamwambia sitalifunga. Haukuwa ubishi mtupu. Kuna mteja wetu aliyeagiza tairi akaletewa la saizi nyingine, na muuzaji hakushika simu tena. Mutwiri akasema polepole, "Mathe, dunia imehamia kwa simu." Nikamjibu dunia ihame salama, wewe utabaki hapa. Nikainuka, nikashusha tairi moja kutoka ukuta wa nje.

Yale yako. Uliyatoa Embu safari yako ya mwisho, kabla figo hazijakulaza. Kila asubuhi ulikuwa ukiyatundika nje, ukisema hilo ndilo bango la duka. Jua likipanda unayarudisha kivulini, jioni unayafuta kwa kitambaa. Ulipoondoka sikuyagusa. Kendi aliniuliza mara nyingi mbona hatuyauzi, nami nikamwambia hakuna mteja wa saizi hiyo. Uongo mtupu. Sikutaka mtu aondoke na kitu ambacho mkono wako ndio ulikitundika. Nikayaacha palepale, jua la miaka yote hii, mvua ya miaka yote hii, na kila nikifungua duka nayasalimia.

Basi nikalifunga. Sabuni kwenye rimu, tyubu nikaikagua, upepo nikautia kwa kiasi chako. Kisha ile desturi yako: aliyefunga tairi ndiye wa kwanza kulipanda, mpaka mtoni na kurudi, ndipo mwenyewe apewe ufunguo. Unakumbuka ulivyomnyima katekista ufunguo wake na misa inamngoja? Nikakaza leso kiunoni, nikapanda. Watu wa hapa wameshazoea kuniona.

Kwenye kona ya mtoni kulikuwa na matope. Nilikanyaga breki, tairi likakataa kushika. Haki ya Mungu, sikuona nilivyofika chini. Wale akina mama wanaofunga miraa kando ya barabara wakanikimbilia. Mutwiri alikuja mbio na kiatu kimoja mguuni. Akaniinua, akanifuta uso, kisha akachuchumaa akabonyeza tairi kwa kidole gumba vile ulivyomfundisha. Halikubonyea hata kidogo. Lilikuwa limejaa nyufa nyembamba, kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Na ningekuwa na mzigo." Afadhali angenipigia kelele.

Pale matopeni nilikulaani, nikuambie ukweli. Nilisema huyu mzee ameniuza. Lakini matairi yalikuwa mazima ulipoyaleta. Mimi ndiye niliyeyaanika nisiyaanue. Nilitaka ubaki hapa ukutani, Baba Kendi, na nusura nimlaze mtoto wako kando ya kaburi lako pale migombani. Sijui hayo nitayameza vipi.

Jana nikachukua lile lake la mtandaoni. Nikabonyeza: laini. Nikasoma tarakimu: la mwaka huu. Nikanusa. Nikalifunga huku nikilitafutia kosa, na niliposhindwa kuliona, iliniuma. Mutwiri akanisihi apande mwenyewe kwa sababu ya goti. Nikamwambia aliyefunga ndiye wa kwanza, au amesahau ni mtoto wa nani? Nikashuka nalo polepole, machozi yananitoka kwa maumivu na kwa woga. Pale konani likashika. Nikarudi, nikampa ufunguo.

Usidhani nimetulia. Hilo ni moja tu. Kesho ataagiza lingine, na picha zote za simu zinang'aa. Alfajiri ya leo imenyesha. Nilisikia injini yake ikianza kushuka, nikakamata shuka kwa mikono miwili mpaka nikaisikia ikipanda ng'ambo ya mto. Ndivyo ninavyoamka siku hizi.

Matairi yako nimeyashusha yote. Mutwiri ameyakata mikanda ya kufungia ng'ombe, moja Kendi amelijaza udongo apande dania. Ukutani yamebaki maduara ya rangi safi, pale ambapo jua halikufika. Nimeyatazama nikalia, kisha nikafagia.

Pumzika, mume wangu. Siwezi kukuahidi kwamba duka litabaki, maana simu ina nguvu kuliko mimi. Ila wakinunua Embu, wakinunua mtandaoni, wakiokota barabarani, nitabonyeza kwanza. Na hakuna mtoto wa mtu atakayepewa ufunguo hapa kabla mimi sijafika mtoni nikarudi, goti lipone lisipone.

Wako,
Mama Kendi