Nukta Sita za Chaza

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kamleta mdogo wangu karakanani, kamshika kiwiko. Kisukari kimemaliza na jicho la pili. Naye anacheka! Ati gitaa atapiga tu, mradi nimtilie nukta za gamba la chaza ubavuni mwa shingo ya gitaa, pale dole gumba linapopita. "Ziinue, dada. Nizisome kwa kidole."

Nikamwambia huo ni uchafu wa kazi. Miaka thelathini naunda magitaa, nasugua chaza mpaka kidole kisijue mti umeishia wapi. Baba alikuwa akifumba macho na kupapasa — akihisi chochote, unarudia. Leo niharibu kwa makusudi! Nimekubali. Jumamosi ya wiki ijayo bendi inamsikiliza. Akishindwa, nafasi yake anapewa mwingine. Na huyu bila bendi ni maiti inayokunywa chai.

Jumatano, 5 Machi

Nukta sita tu, zimenitoa jasho! Msumeno mwembamba kama uzi, ukipumua vibaya unakatika. Minne imekatika leo. Gamba nalilowesha maji vumbi lisipande, maana vumbi hilo ndilo lililokula mapafu ya baba. Na mimi nakohoa siku hizi. Sitaki kufikiria.

Wifi kapita. Anasema mumewe jana kashika sufuria ya moto, dole gumba limetoka lengelenge, na wala hakushtuka. Si hakuiona, nikamwambia. Kaniangalia kidogo, kaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mjinga mimi! Vishimo nimechimba vizuri, gundi nimechanganya na unga wa mti uleule, nukta ya kwanza ikakaa. Nageuka kuchukua kitambaa, nakuta mkono umeshashika msasa. Nimeisugua ikalala sawa na mti, laini, safi, kama alivyotaka baba. Kung'oa. Kukata upya.

Jumapili, 9 Machi

Zimekauka. Moja kwenye nafasi ya tatu ya shingo, ya tano, ya saba, ya tisa, na mbili pamoja kwenye ya kumi na mbili. Nimefumba macho nikapapasa: zimesimama kama punje za mchele. Baba angenirushia patasi. Mimi nimezipenda.

Jumanne, 11 Machi

Kaja asubuhi na mapema, kavaa shati lake la bendi. Nikampa gitaa. Dole gumba likapita juu ya nafasi ya tatu. Ya tano. Ya saba. Likarudi, likapita tena.

Akatabasamu. "Dada, umesahau! Umezisugua zote. Kweli wewe mtoto wa baba."

Dole lilikuwa juu ya nukta. Juu yake kabisa! Nikamtazama wifi, akageukia dirishani. Alikuwa anajua. Ile sufuria — hakuihisi. Kisukari kimekula na vidole.

Nikasema ndiyo, nimesahau, mazoea mabaya. Mungu anisamehe. Akacheka mpaka machozi. Basi atasubiri hapahapa, niziinue kidogo tu, si kazi ya siku nzima.

Yuko kwenye benchi, gitaa kalipakata. Kasema nikate nukta kwanza, atanipa gitaa nikilihitaji. Nimekata gamba zima vipandevipande visivyo na pa kwenda, ili tu asikie msumeno. Wifi hajageuka bado. Gamba limekwisha, nimekaa kuandika haya.

Anauliza mbona msumeno umenyamaza.