Kifungu cha Saba

Makote, Newala
Jumamosi, 14 Desemba

Kaka Lukmani,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Dodoma, pamoja na Wifi Maryam na watoto. Sisi huku tupo. Mvua zimeanza vizuri na pipa la uani limejaa, kwa hiyo wiki hii sijanunua maji. Mama anakula, ingawa plasta aliyofungwa mkononi inamkera na kila asubuhi ananiamuru niifungue. Ananiamuru kwa Kimakonde, maana tangu apate kiharusi Kiswahili hakijamrudia.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu huwa unanikatisha, nami huitikia tu ili yaishe. Haya ya leo nataka uyasome mpaka mwisho.

Kwanza, Zena ameondoka. Yule msichana uliyemtafuta Masasi mjini aje kukaa na Mama alidumu siku tisa. Alipofika alisaini mkataba wako bila kusoma. Siku ya tisa akaomba nimsomee, kisha akauliza siku yake ya kupumzika iko kifungu cha ngapi. Haipo. Akafunga begi, akaaga kwa heshima, akapanda bodaboda.

Kaka, mkataba huo umenichosha. Umeandika Mama aogeshwe saa ngapi, ageuzwe kitandani mara ngapi, uji uwe mzito kiasi gani. Kifungu cha nne kinamkataza mhudumu kutoka nje ya uwanja bila ruhusa ya mwajiri, na mwajiri ni wewe, uko Dodoma kwenye mikutano, simu umezima. Mimi ninayelala chumba cha pili na kufua mashuka sikutajwa hata kwa mstari mmoja. Ukipiga simu unauliza dawa. Hujawahi kuniuliza kama nimelala.

Halafu kuna Pendo, aliyemtangulia Zena. Alitoka kwao Chidya akijua Kimakua na Kiswahili tu, lakini kufika mwezi wake wa pili hapa alikuwa akitaniana na Mama kwa Kimakonde, akikosea makusudi ili Mama acheke. Alikaa miezi saba, na Mama hakupata kidonda hata kimoja mgongoni.

Mwezi uliopita Mama akaanguka, akavunjika mkono, nawe ukatumia kifungu cha saba: mgonjwa akianguka, mkataba umevunjika siku hiyo hiyo. Ulimwachisha Pendo kazi kwa simu, ukasema ametoroka na kumwacha mgonjwa peke yake.

Hakutoroka. Shangazi yake alifariki, akaomba siku moja akazike. Nilijua ungekataa, kwa hiyo ruhusa nilimpa mimi na sikukwambia. Mchana huo nilimkalisha Mama kibarazani, korosho zikiwa zimeanikwa kwenye turubai uani. Wingu likafunga ghafla. Nikamwambia Mama atulie, nikakimbilia korosho. Niliposikia kishindo nilikuwa nimeshika pembe ya turubai na, Mungu anisamehe, nilimaliza kwanza kulikunja, ndipo nikageuka.

Uliponiuliza Pendo alikuwa wapi, nilijibu hakuwepo. Lilikuwa neno la kweli, nami nikajificha humo. Jioni alirudi kutoka mazikoni, ukapiga, ukamfukuza kwa sauti ya spika mbele ya majirani waliokuja kumpa Mama pole. Muda wote ulipokuwa ukisema alikuwa ananitazama, akingoja nifungue mdomo. Sikuufungua.

Huko kwao wakaanza kumwita yule aliyemvunja bibi wa watu. Familia iliyotaka kumwajiri ikaghairi.

Juzi Alhamisi nilimwacha Mama na Mama Khalidi, jirani yetu, nikaenda Chidya. Nilimkuta Pendo akipalilia shamba la mtu. Nilipoanza kumwomba radhi alinizuia, akasema nikayasemee nyumbani kwao. Nikayasema yote mbele ya mama yake, baba yake mdogo Isaka, na majirani waliokuja kumwona mgeni. Nilipomwomba arudi akasema:

“Dada Mwanaheri, mkataba ule ulikuwa na jina langu na jina la kaka yako. Aliyekuwa na mimi kila siku ni wewe, na jina lako halikuwemo. Siku mambo yalipoharibika ukasimama kando kama mgeni.”

Tuliandika mkataba mwingine hapo hapo, kwenye karatasi za daftari. Jumapili ni yake. Akifiwa, anakwenda. Mama akianguka, kwanza tunaulizana ilikuwaje. Mwajiri ni mimi, nami nimeshasaini. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii; wewe nimekuachia nafasi ya shahidi.

Una haki ya kukasirika, ila nikasirikie mimi. Na kabla hujanipigia, mpigie Pendo umwombe radhi, kwa sababu uliyasema yale huku watu wakisikia. Anarudi Jumatatu, usaini usisaini.

Mbusu Anwari na wadogo zake, na umwambie Wifi korosho zake nimemwekea. Mama Khalidi anakusalimu. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akaniuliza kama Pendo ameshakula.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaheri