Ulichokisema Mlimani

Shangazi,

Salamu ya kuwaamkia watu wa makaburini naijua, ulinifundisha mwenyewe. Lakini inamtaka mtu awe amesimama kaburini, na kaburi lako liko Dar, mimi nimekaa dirishani huku kwa Wachina, barabara ya Huanshi Zhonglu, huko chini watu wanasukuma mikokoteni ya mizigo. Basi nakuamkia kama siku zote. Shikamoo, Shangazi.

Nimechelewa kukuandikia. Kila nikianza, aibu inanishika mkono.

Nikupe habari kwanza. Duka lako la vitambaa Kariakoo halikufungwa, analo binti yako Saumu. Amelipaka rangi ya kijani ambayo ungeinunia mwezi mzima. Yule laoban wa soko la Zhongda, bosi mnene wa satini uliyekuwa ukigombana naye kila safari, nilipomwambia umefariki alizima sigara yake. Halafu akaniuliza nani sasa atakuja kumtukana. Mimi niko na kazi ileile ya ukalimani, nawapeleka wateja Zhongda kwa vitambaa na Shiling kwa mikoba.

Wewe hukuniita mkalimani. Ulikuwa ukiingia dukani unanisukuma mbele na kusema, "Huyu ndiye mdomo wangu." Na mdomo huo ulikuwa na ufundi wake. Ukikipenda kitambaa, unakunja uso, unaniambia kwa Kiswahili kwamba kizuri mno, nisikiachie. Nami namgeukia laoban na kumwambia kwa Kichina kwamba mama anasema kinachuja rangi. Bei inashuka. Tukitoka nje tunacheka mpaka tunashikiliana. Nikazoea kusikia hili na kusema lile, na kwa kuwa kila mara lilikuletea faida, sikuliona kuwa ni uongo. Hata wewe uliniita hodari.

Safari ya Bhutan ilikuwa yako. Uliona pale Zhongda shali iliyofumwa kwa mkono, muuzaji akasema inatoka katika nchi ya milima ya watu wa dini ya Buddha, ambako watu bado wanakwenda ofisini na nguo za kufuma, na siku ya sikukuu yao kila mtu anatoa ile iliyo bora sandukuni. Ukasema unataka kuwaona watu ambao hawajaitupa nguo yao, kabla miguu yako haijagoma. Ukanilipia na mimi nikawe mdomo wako huko, maana mwongozaji alikuwa wa kusema Kiingereza.

Unamkumbuka Tashi, yule mwongozaji wetu, alivyotupokea? Joho la mistari lililoishia magotini, soksi nyeusi mpaka juu. Ukaninong'oneza kwamba mama yake kamvalisha sare ya shule akasahau suruali. Lakini alikuweka kiti cha mbele kwa ajili ya kona za milimani, akakubebea mkoba, akakuita Ama, ndiyo mama kwa lugha yao. Nawe ukawa unaitika, "Naam, mwanangu." Kwenye mahekalu bibi wazee walizungusha magurudumu yao ya sala na wewe ulisimama pembeni ukivuta tasbihi yako, mnatazamana na kutabasamu, hakuna aliyemkera mwenzake. Pilipili walizotupikia kama mboga, na jibini juu yake, ulizila ukilia machozi na kuomba tena. Zile siku nilikupenda sana, Shangazi. Nakupenda hata sasa, lakini zile siku nilikupenda bila deni.

Sasa nafika mlimani.

Dawa zako za presha zilikuwa kwenye mkoba wangu. Asubuhi ile garini Tashi alinieleza mapema: nyumba ya watawa iko juu kwenye jabali, farasi atambeba Ama mpaka kibanda cha chai, nusu ya njia, baada ya hapo ni miguu na ngazi. Mmoja wetu akichoka, wote tunarudi, yeye hawezi kumwacha mgeni peke yake. Nilikufasiria habari ya farasi. Ya kurudi sikukufasiria, nikijiambia ya nini kukutia hofu.

Kwenye kibanda cha chai ulikaa kwenye benchi ukaweka mkono kifuani. Ukasema, "Mwambie kijana nimechoka. Nimeshaona, inatosha."

Tashi akaniuliza Ama anasemaje. Mimi nikatazama juu. Ile nyumba ilikuwa pale, nyeupe, paa la dhahabu, imebandikwa kwenye mwamba, na wingu lilikuwa limeondoka dakika ileile. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa huku picha. Ndiyo, Shangazi, picha. Nikamwambia Tashi unasema unapumzika kidogo halafu twende. Nikakugeukia wewe nikakuambia anasema hawezi kukuacha hapa, na kwamba ngazi zimebaki chache tu. Ukaniangalia kwa muda. Ukasema haya, ukaomba mkono nikuinue.

Ngazi hazikuwa chache, unajua. Ulisimama kila baada ya hatua kadhaa, Tashi akikushika kiwiko na kuniuliza kama uko salama, nami nikijibu kwa niaba yako bila hata kukugeukia. Ninayo picha moja uko nyuma yangu umeshikilia chuma cha ngazi, midomo imepauka. Sijamwonyesha mtu.

Kesho yake ilikuwa sikukuu yenyewe, katika ua wa ile ngome kubwa. Ulijifunga khanga mbili juu ya koti na ukakaa umeegemea ukuta, hukusimama hata mara moja. Watu walikuwa wamevaa nguo za kufuma za kila rangi, nawe ukanitajia nyuzi na mishono kama uko dukani kwako. Wakaingia wacheza ngoma wenye barakoa. Tashi akatueleza kwamba huu ni mchezo wa hukumu ya wafu: yule mkubwa mwekundu ndiye hakimu, mweusi anamshitaki marehemu, mweupe anamtetea, na mizani iko katikati. Ukauliza, "Na marehemu mwenyewe haulizwi?" Sikumpelekea Tashi swali lako. Nilikujibu kutoka kichwani mwangu kwamba huwa anasemewa. Ukasema, "Basi akipata msemaji kama wewe, kaumia." Nikacheka. Nilidhani unanitania.

Ulirudi Dar na hukumaliza miezi miwili. Ulianguka jikoni asubuhi, na kabla ya alasiri walikuwa wameshakuzika, mimi nikiwa stoo nahesabu marobota ya mteja. Daktari alimwambia Saumu presha yako ilikuwa ya siku nyingi. Sijui kama ule mlima ndio uliokumaliza. Hakuna wa kuniambia, na sitaki kujifariji wala kujihukumu kwa jambo nisilolijua. Ninalolijua ni kwamba ulisema inatosha na mimi nikasema twende.

Na watu wananishukuru! Ndugu wote kwenye simu, kwamba nilikutembeza ukaona dunia kabla ya kufa. Nikawa naitikia amina.

Wiki iliyopita Saumu alikuja kwa mara ya kwanza kununua mzigo mwenyewe. Nilimpeleka kula kwa Wahui, wale Waislamu wa Kichina, pale ulipokuwa ukipenda supu ya kondoo. Akaniambia anataka niwe mdomo wake kama nilivyokuwa wako. Nikaweka kijiko mezani. Nikamweleza yote, kuanzia garini mpaka ngazini, nikimtazama mikono yake kwa sababu usoni nisingeweza.

Alimaliza supu yake kwanza. Kisha akasema, "Mama aliniambia."

Akasema ulimwambia kwamba pale kwenye benchi yule kijana alikuwa ameshavua koti lake la baridi akakutandikia ulale, na mtu anayesema twende hatandiki koti. Shangazi, mimi lile koti sikuliona. Nilikuwa natazama juu. Saumu anasema alikuuliza kwa nini basi ulinyanyuka, nawe ukamjibu kwamba nilikuwa natazama ule mlima kama mtoto anavyotazama pembea siku ya Idi, ukaona unipeleke nikapembee.

Ni afadhali ungenigombeza. Ungenipiga hata kofi mbele ya wale wageni. Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba radhi, kumbe ulinipa palepale, na ukaipanda ile njia yote na radhi yako, ukijua. Sasa nimrudishie nani?

Saumu hakusema amenisamehe. Alisema yeye si mama yake, na ana hasira, na itamchukua muda. Kesho yake alikwenda Zhongda peke yake na kikokotoo mkononi, akinyoosha vidole. Nilimwona kwa mbali akipunjwa, nikabaki nilipo kwa sababu hakuniita.

Kuna moja limebaki, na hili hata Saumu hajalisikia. Tashi hajaacha kuniandikia. Kila baada ya muda anauliza, Ama hajambo? Nami tangu ufe nimekuwa nikimjibu kwamba Ama hajambo, Ama anakusalimu, Ama anasema bado anazikumbuka pilipili. Umo kaburini na mimi bado nakutungia maneno. Majuzi akaandika kwamba sikukuu imekaribia, je, Ama atakuja? Vidole vyangu vikaandika inshallah. Nikavizuia kabla sijatuma.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nimemwandikia. Nimemwambia umekufa na lini, na kwamba salamu zote alizozipata tangu hapo nilizitunga. Kisha nikamwandikia ulichokisema siku ile kwenye benchi, neno kwa neno, na nilichompa mahali pake. Ameshasoma. Hajajibu, na asiponijibu kabisa ni haki yake.

Mungu akulaze pema, Shangazi, akuulize mwenyewe, akusikilize mwenyewe. Saumu akiniita nitakwenda, na atakalosema ndilo nitakalolipeleka, hata likimgharimu. Asiponiita nitakaa. Dua nitakuombea kila siku, kwa maneno yangu na kwa jina langu.

Kwa heri. Sitakusemea tena.

Mwanao,
Zuhura