Utepe wa Jumapili

Vetlanda, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Barua hii ikukute salama, na goti lako liwe limekubali tena kupanda ngazi. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Baridi ya Uswidi imeanza, lakini soksi ulizonifumia zinafanya kazi yake.

Nimekuja huku kuchukua pikipiki zangu mbili za mashindano, maana msimu wa mbio umekwisha. Mwenye nyumba ninayopanga huku amenipa pole kana kwamba nimefiwa. Habari za Jumapili zimemfikia.

Najua nawe zimekufikia. Miaka yote hii, kila siku ya mbio umefunga madirisha na kufungulia redio kwa sauti ya juu, kwa kuwa uwanja uko mtaa wa pili tu. Lakini miluzi ya kunizomea Jumapili haikuzuiwa na kioo. Dada Renata ameniambia kwa simu kwamba jirani yako, Bi Wiesława, alikuja mpaka mlangoni kukuuliza, "Mwanao kazeeka au kanunuliwa?" Nawe ukamjibu kwamba mwanao ana njaa na supu iko jikoni inaungua, ukafunga mlango. Nilicheka peke yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Ilibaki mbio moja. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukishindwa tunashuka. Meneja Romuald akanipanga mimi na mwenzangu Igor, akasema hana wasiwasi, kwani tangu nianze kazi hii sijawahi kugusa utepe wa kuanzia. Ukiugusa kabla haujaruka juu, mwamuzi anakutoa. Basi nikaugusa. Akaingia mpandaji wa akiba, akamaliza wa mwisho, tukashuka. Mashabiki wakanimwagia bia. Romuald aliniambia tu, "Kapumzike, kaka. Ijumaa njoo tuweke sahihi ya mkataba wa mwakani." Afadhali angenitukana.

Sasa Mama, mficha uchi hazai. Utepe niliugusa kwa makusudi. Tangu ile ajali ya Juni mkono wangu wa kushoto hufa ganzi ghafla, na sijamwambia mtu, hata daktari. Jumapili mkono ulikufa ganzi nikiwa mstarini. Nilitazama chini kuhakikisha kwamba bado nimeshika klachi, maana sikuisikia. Pikipiki zetu hazina breki. Kwenye kona ya kwanza ningemkokota Igor mpaka ukutani, na mtoto wake ndiye yule uliyemfumia kofia. Ningeweza kuinua mkono wa kulia niseme siwezi, lakini mbele ya uwanja mzima niliona haya. Nikasukuma gurudumu mbele, utepe ukakatika.

Ulikuwa ukiniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu nimevunja mara mbili na sikusikia. Safari hii nimesikia.

Ijumaa nitamweleza Romuald yote, na sahihi sitaweka. Inaniuma, sitakuficha. Kazi nyingine siijui.

Nisalimie Renata na watoto. Bi Wiesława naye msalimie, umwambie kwamba mwanao kazeeka. Na theluji ikiyeyuka, ukisikia pikipiki zinanguruma kule uwanjani, usifunge dirisha, Mama. Nitakuwa hapo jikoni kwako, nakunywa supu.

Ni mimi mwanao,
Gracjan