Chozi Moja Beni

Yaya Masika, nakusihi, usimwonyeshe mtu kadi hii. Watu wa mtaani kwetu Bulengera wakijua tunamtibu mtoto wa nani, watasema nimehama upande.

Beni kuna joto. Ninaota baridi ya Butembo na sombe yako ya majani ya muhogo. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alifungua sanduku letu, akidhani ni dhahabu. Profesa ninayemwandikia madaftari akamwambia, “Ni mavi ya batoto, chef. Ninatafuta magonjwa ya tumbo.”

“Mutu mukubwa na diplôme, unatembeza mavi?”

“Miaka makumi mbili sasa.”

Askari wenzake walicheka sana. Yeye akanong’ona, “Donc, basi, mutoto wangu anaharisha siku ine.”

Amezuia karatasi yetu ya njia mpaka mtoto apone. Bila hiyo sirudi nyumbani. Tunamnywesha maji ya chumvi na sukari, nami naandika kila kijiko. Jana alilia macho makavu, maji yamemwishia mwilini. Leo chozi moja lilitoka. Profesa akaniita nilione, nikalia kwa kukukumbuka wewe.

Usiniite kwa phonie, ile redio ya mawasiliano, wote wanasikiliza. Mtume Mama Kahindo anayeleta maharagwe soko la hapa, aulizie karani wa Profesa, ndiye mimi. Abebe sukari, Yaya. Iliyobaki ni ya leo tu.

Mdogo wako