Hitima ya Mtu wa Kwenye Tamthilia

Jumatano, baada ya isha

Tamthilia yenyewe mbovu. Mgonjwa anakata roho na wanja haujamtoka! Lakini alipokufa leo, Mama alijitanda kanga, akaanza kuchambua mchele wa hitima.

"Mama, yule anaigiza. Kesho utamwona anatangaza sabuni."

"Nyamaza wewe! Maiti atangaze sabuni?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Kisha akasema, "Kamwite baba yako aje asome dua."

Baba tulimzika Mwera mwaka juzi. Mchele wa hitima yake aliuchambua Mama mwenyewe.

Nilitoka, nikazunguka nyumba, nikarudi.

"Anakuja?"

"Anatia udhu, Mama."

Nimewaponda waigizaji wiki nzima, na mimi sauti haikutetemeka hata kidogo. Naogopa kesho atauliza tena.